Hapiki simu: "up" ilipotelea wapi?

Ujumbe wa namna hii hutoka mapokezi ya hoteli za Mombasa asubuhi na jioni: "Our driver will pick you at 6 am. Kindly pick his call." Aliyeuandika ni msomi, kazi yake anaijua, na mgeni mwishowe ataelewa. Ila mgeni huyo akiwa mtu wa Leeds au Toronto, atausoma mara mbili. Kwa Kiingereza cha kwao, sentensi ya kwanza inasema dereva atamchagua saa kumi na mbili asubuhi, kana kwamba wageni kumi wamepangwa mstari ukumbini na dereva anawapitia mmoja mmoja akitafuta wa kumfaa. Ya pili inamwomba achague simu. Kilichokosekana ni kijineno kimoja, "up", na kwa kukosekana kwake kitenzi kimekuwa kingine kabisa.

Kuidondosha hiyo "up" ni tabia ya Kiingereza cha Kenya, si kosa la hoteli moja. "Pick me at Bombolulu." "I called but he's not picking." Tabia hiyo imevuka hata ikaingia Kiswahili cha vijana: nipick pale steji, mbona hapick simu. Jaribu kuliandika hilo la mwisho kwa tahajia ya Kiswahili, "hapiki simu", uone kama hujamwona mtu amesimama jikoni, mkaa umeshika, na simu iko pembeni ikingoja kutiwa nazi.

Baina yetu wenyewe hasara hakuna. Mtu wa Kisauni akimwambia wa Mtongwe "pick me at the ferry", watakutana feri. Taabu iko kwingine, na kubwa zaidi si mtihani wala barua ya kazi. Ni kusoma. Aliyezoea "pick" peke yake huiona "up" kama pambo, kitu cha kuwekwa au kuachwa. Kisha anakutana na "business has picked up" gazetini na hajui aishike wapi, maana hapo hakuna simu, hakuna steji, na hakuna anayemchukua mtu.

Anzia chini ya mwembe. "Pick mangoes" ni kuchuma maembe. "Pick up mangoes" ni kuokota maembe. Embe la kwanza bado liko tawini, la pili limeanguka na pengine lina mchanga. Kiswahili kina vitenzi viwili tofauti kwa kazi hizo mbili, na hakuna mtoto wa pwani anayevichanganya. Kiingereza kina kitenzi kimoja, na kijineno kilicho nyuma yake ndicho kinachosema embe lilikuwa wapi. "Pick" yenyewe ni kazi ya vidole inayotenga kimoja kutoka vingi: kuchuma, kuchagua, kudonoa. "Up" inaleta mwendo, kutoka chini kuja mkononi. Shika picha hiyo ya mwendo, kwa sababu karibu maana zote nyingine zimezaliwa humo: kutoka barabarani kuja garini, kutoka hewani kuja redioni, kutoka midomo ya watu kuja kichwani mwako.

Waingereza wenyewe wanajua kwamba hapa wamewategea watu mtego. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na kijineno kinachofuata ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Miongoni mwa mifano yake alitaja "take off", akaifasiri kuwa ni kuiga. Leo ukimuuliza mwanafunzi yeyote aliye karibu na uwanja wa ndege wa Moi, "take off" ni ndege kuruka. Maana ya kumwiga mtu kwa mzaha bado ipo Uingereza, lakini imesogea nyuma. Jina la vitenzi hivi, "phrasal verb", ambalo shuleni hukaririwa kama sala, ni la juzi tu: Logan Pearsall Smith alilichapisha mwaka 1925, akieleza kwamba alipendekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Vitenzi vyenyewe vilikuwa vikifanya kazi karne nyingi kabla ya kupewa jina.

Mswahili ana silaha hapa ambayo walimu wengi wa Kiingereza hawaitumii. Silaha hiyo ni "piga". Tunapiga simu, pasi, deki, hodi, picha, mbizi, chafya, kura, mswaki, foleni. Hakuna anayeuliza "piga" maana yake nini, kwa sababu nomino inayofuata imeshajibu. Mgeni aliyekariri kwamba "piga" ni kuchapa akisikia "dada anapiga pasi" atafikiri pasi imekosa nini hata iadhibiwe. Sasa fungua daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili uone alichoandika: "pick up = okota". Ni kosa lile lile, limegeuzwa upande. "Pick up" inafanya kazi kama "piga". Jirani zake ndio wanaoipa maana, na kazi ya msomaji ni kuwatazama majirani kabla ya kukitazama kitenzi.

Jirani wa kwanza wa kutafutwa ni yule ambaye huenda hayupo. Je, baada ya "up" kuna kitu kinachotendewa, au sentensi imeishia hapo?

Ikiwa imeishia hapo, na mtenda si mtu, basi kitu chenyewe kimejiinua. "The wind picked up": upepo umeshika kasi. Wavuvi na manahodha wa pwani hii, wanaohesabu mwaka kwa kaskazi na kusi, hawana haja ya kufafanuliwa jambo hilo. Upepo ulikuwa umelala, sasa umeamka. "Business picks up in July": biashara huchangamka Julai, baada ya ule ukimya wa Aprili hadi Juni, masika yanapowafungia watu ndani na hoteli zikabaki na viti vitupu. Mauzo, uchumi, mvua, mwendo wa mchezo, vyote vyaweza "pick up" bila kumgusa mtu yeyote. Sharti ni kwamba kitu hicho kiwe na tabia ya kushuka na kupanda. Embe haliwezi. "The mango picked up" haina maana kabisa, na ukiiona mahali, ujue mwandishi amesahau kitu.

Ikiwa imeishia hapo na mtenda ni mtu, njia ni mbili. "She didn't pick up" ni simu: hakupokea. Hapa chombo hakitajwi kwa sababu kila mtu anakijua. Asili yake ni zile simu za mezani zenye mkono wa kunyanyua. Kilichokuwa kikiinuliwa ni mkono wa simu, si wito wenyewe, ndiyo maana Mwingereza husema "pick up the phone" na, kuhusu wito, husema "answer the call". "Pick my call" yetu, kwa hiyo, imepotea hatua mbili: imeacha "up", kisha ikabadilisha kinachoinuliwa. Njia ya pili ni kuendelea na kilichokatika: "Let's pick up where we left off", tuendelee tulipoachia. Alama yake ni "where" au "from" inayofuata, au neno kama "tomorrow".

Sentensi ikiwa na mtendwa, yaani kitu au mtu anayetendewa, ndipo mambo yanapokolea, hasa mtendwa huyo akiwa binadamu.

Chukua "He picked her up". Maneno manne, na yanaweza kuwa mambo manne yasiyofanana hata kidogo. Akiwa baba na binti wa miaka miwili aliyeanguka, alimnyanyua. Akiwa dereva wa tuktuk aliyepigiwa simu kutoka Buxton, alimchukua. Akiwa askari, huenda alimkamata. Na akiwa mwanamume baa, akakutana na mwanamke asiyemjua, basi alimtongoza akaondoka naye. Kiswahili hapa kinadai useme ukweli mapema. Lazima uchague kunyanyua, kuchukua, kukamata au kutongoza, na msikilizaji anajua papo hapo. Kiingereza kinaweza kukuacha ukining'inia hadi mwisho wa sentensi. Kwa hiyo soma mkia. "From" na jina la mahali, au saa, huelekeza kwenye kuchukua: "from Miritini at six". "For questioning" ni polisi, hakuna lingine. "In a bar", "at a party" bila sababu ya usafiri, hapo shuka taratibu.

Hili la mwisho lina umuhimu wa kikazi kwa mji unaoishi kwa wageni. Kijana wa kutembeza watalii anayeandika "I can pick you up tonight" kwa mgeni wa kike, akakomea hapo, ameacha mlango wazi kwa tafsiri ambayo pengine hakuikusudia. Dawa ni kuongeza mahali, saa na chombo: "I can pick you up from the hotel gate at seven with the van." Hakuna tena wa kuelewa vibaya, isipokuwa anayetaka.

Mtendwa akiwa lugha, lafudhi, tabia au ujuzi, maana ni kujifunza bila darasa. Na hapa, ajabu, Kiswahili kina picha ile ile. Tunasema fulani ana Kiarabu cha kuokoteza, au maneno hayo kayaokota mitaani. Vijana wa ufuoni wanaomsalimia mtalii kwa Kijerumani na kumuuzia kinyago kwa Kiitaliano "picked up" lugha hizo mchangani, sentensi kwa sentensi. Tofauti moja ndogo: "okoteza" ya Kiswahili ina harufu ya dharau kidogo, kama vipande visivyo kamili, ilhali "she picked up Italian in two years" yaweza kuwa sifa. Ukiitafsiri kwa "aliokoteza Kiitaliano" utakuwa umemshusha mtu aliyekuwa amepandishwa. "Alijifunza mwenyewe" inatosha.

Zilizobaki zipite haraka. Mtendwa akiwa mafua au ugonjwa mdogo wa kuambukiza, ni kuupata: "pick up a cold", "pick up a bug". Akiwa mawimbi ya redio, sauti au harufu, ni kunasa. Akiwa kasi, ni kuongeza. Akiwa habari, na mtenda ni magazeti, ni kuidaka na kuieneza. Akiwa kitu kidogo cha kununuliwa njiani, kama "pick up some bread", tafsiri nzuri kuliko zote ni "pitia mkate", maana "pitia" tayari ina safari ndani yake.

Sasa tuone zinavyokaa pamoja. Aya hii imetungwa kwa makusudi, na ina "pick up" sita:

"Salma picked up on the third ring. The driver had picked up two guests at Miritini, but he had also picked up a nail somewhere in Changamwe and they were changing the tyre. By the time they reached Mtwapa the wind had picked up and the boatman had put off the trip. 'You've picked up some Swahili,' Salma told the older guest, who had just said pole to the boatman. He laughed and picked up the bill for everyone's lunch."

Ya kwanza haina mtendwa, na mtenda ni mtu. Hapo uamuzi ni kati ya simu na kuendelea na jambo. "Ring" inamaliza ubishi. Usihangaike na "on" inayofuata: ni ya "the third ring", haikufungamana na kitenzi. Ya pili ina watu wawili na kituo cha reli, kwa hiyo ni kuwachukua. Ya tatu ndiyo yenye mtego. "Picked up a nail", ikisimama peke yake, ni kuokota msumari, na msomaji mwenye haraka atamwona dereva ameinama barabarani. Endelea maneno machache mbele, "changing the tyre", na msumari unahama kutoka mkononi kwenda kwenye gurudumu. Hakuna aliyeinama, gurudumu limechomwa nao njiani. Hapo pana kanuni inayofaa kuliko orodha yoyote: maana inaweza kukaa baada ya kitenzi, mbali kidogo, kwa hiyo usifunge tafsiri kabla ya nukta. Ya nne ni upepo, na mtendwa hakuna. Ya tano ni lugha. Ya sita ina ankara, na ankara ni karatasi, inaokoteka. Lakini "for everyone's lunch" inaonyesha kwamba mzee hakuinua karatasi tu mezani. Alilipia wote.

Na "put off" iliyojificha katikati ni kuahirisha, kwa sababu mtendwa wake ni safari. Mtendwa wake angekuwa mtu, "the smell put him off", ingekuwa kumkinaisha. Mbinu ni ile ile.

Kuelewa ni nusu. Kuandika kuna shimo lake, na shimo hilo ni mpangilio wa maneno. Nomino kamili inaweza kukaa kabla au baada ya "up": "pick up the guests", "pick the guests up". Kiwakilishi hakina hiari. Ni "pick them up", na "pick up them" ni kosa kwa Kiingereza cha popote. Wanafunzi wetu huandika "I will pick up you" mara nyingi mno, jambo linaloshangaza, maana Kiswahili kina mpangilio unaofanana na huo. Sema "nitakuchukua". Hiyo "-ku-" imekaa wapi? Ndani ya kitenzi. Sasa sema "nitachukua mzigo". Mzigo uko nje. Kiwakilishi huingia ndani, nomino hubaki nje. Kiingereza nacho humwingiza "you" katikati ya "pick" na "up", kana kwamba maneno mawili hayo ni kitenzi kimoja chenye tumbo. Mwalimu akilieleza hivyo ubaoni, "nita-ku-chukua" juu na "pick you up" chini, hahitaji kulirudia mara tatu.

Kuna mpaka. Mtendwa akiwa mrefu, usimsukume katikati: "pick the guests who came on the night train up" inamwacha msomaji akisubiri "up" kama mtu anayesubiri feri. Iweke mapema. Na misemo mingine imeganda: "pick up speed" huachwa ilivyo.

Matamshi nayo yanasaidia kutofautisha. Katika kitenzi, mkazo mzito huangukia "up". Katika nomino, mkazo ni wa "pick". Sisi tumeichukua nomino tukaifanya pikapu, ile gari ya kubebea magunia ya Kongowea, na kwa desturi ya Kiswahili mkazo ukahamia silabi ya pili kutoka mwisho, "ka". 

Kijineno kingine kikiongezwa mwishoni, kazi inabadilika tena. "Pick up on" ni kung'amua jambo ambalo halikusemwa waziwazi, kama mama anayejua kwa sauti tu kwamba mtoto ana tatizo. "Pick up after" ni kukusanya na kusafisha alichoacha mwingine; mama yule yule, sasa amekasirika: "I'm tired of picking up after you!" Hivi viwili havigawanyiki, mtendwa hukaa mwisho siku zote. Na ukiibadilisha "up" yenyewe, uko kwenye mtaa mwingine: "pick on" ni kumwonea mtu, "pick out" ni kuchagua au kumtambua mtu katika kundi, "pick at" ni kudonoa chakula bila hamu, "pick over" ni kile afanyacho bibi na ungo kabla ya pilau, kuchagua mchele.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana. Wakenya wale wale wanaoiangusha "up" kwenye "pick" huibandika pasipo pake: "cope up with". Kitenzi ni "cope with", basi. Hiyo "up" imetoka kwa majirani, "keep up with", "put up with", "catch up with", ambao wote wana "up with" na wote wana harufu ya kuhimili au kufuatana. Sikio limefanya hesabu yake, na hesabu hiyo si ya kijinga. Imekosea tu.

Upande wa kujifunza, mimi si shabiki wa vijitabu vya vitenzi mia tano vilivyopangwa kwa alfabeti. Vinampa mtu maneno yaliyokatwa mizizi. Daftari lenye kitenzi kimoja kwa kurasa mbili linafaa zaidi. Kila maana iwe na sentensi nzima mbili au tatu ulizozikuta ukisoma, mtenda umepigiwa mstari mmoja, mtendwa mistari miwili, na pembeni kitenzi cha Kiswahili kinachofaa kwa sentensi hiyo tu. Usiandike "pick up = ". Andika "pick up + lugha", "pick up + mtu + mahali", "upepo + pick up". Baada ya wiki, funika Kiingereza, ukitazama Kiswahili, ujaribu kukirudisha. Utakapokwama kwenye "pitia mkate" na kuandika "pass bread", utajua ni ukurasa gani wa kurudia.

Kamusi za wanafunzi, zile zinazofafanua Kiingereza kwa Kiingereza, tayari zimefanya nusu ya kazi hiyo, ila wengi hawasomi alama zake. Vitenzi hivi huwekwa mwishoni mwa maelezo ya kitenzi kikuu, kwa hiyo usiitafute chini ya "up". "Sb" ni mtu, "sth" ni kitu. Ukiona "pick sb up", maana hiyo inataka mtu. Ukiona "pick up" bila chochote, ndiyo ile isiyo na mtendwa, kama ya upepo na biashara. Mshale wenye ncha mbili, ambao baadhi ya kamusi huuweka kati ya kijineno na mtendwa, unamaanisha kwamba hao wawili wanaweza kubadilishana nafasi. Programu za kutafsiri za simuni nazo usizipe maneno mawili ukatarajia miujiza. Zipe sentensi nzima, na ikiwezekana ile inayofuata, kwa sababu ile ile ya msumari wa Changamwe.

Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari Kenya, una alama 15 za sarufi katika karatasi ya pili ya Kiingereza, na humo hupenda kuingia swali la kubadilisha neno lililopigiwa mstari kwa "phrasal verb". Alama hupotea hata kwa anayejua jibu. Sentensi ikiwa "She learnt Digo while working in Kwale", jibu ni "picked up", si "pick up": wakati wa kitenzi lazima ubaki ulivyo, na unabebwa na "pick", kamwe si "up". Na neno lililopigiwa mstari likijumuisha mtendwa ambaye ni kiwakilishi, kama "collected them", jibu ni "picked them up", yote matatu, kwa mpangilio huo.

Turudi kwenye ule ujumbe wa hoteli. Umesahihishwa, unasomeka hivi: "Our driver will pick you up from the lobby at 6 am. If he calls, please pick up." Mahali pameongezwa, kwa sababu iliyokwisha elezwa. Sentensi ya pili haina mtendwa, kwa kuwa "calls" imeshasema ni simu. Na kama bado unaona "up" mbili ni nyingi kwa ujumbe mmoja, ya pili ibadilishe iwe "please answer".